Mtia Rangi Anayesoma Uchumi wa Ng'ambo Kwenye Uzi

Saa moja kasorobo asubuhi. Mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira na aproni yenye madoa ya kila rangi anasimama kwenye mlango wa karakana, ameshika nyuzi mbili kati ya kidole gumba na cha shahada. Anazinyoosha kwenye mwanga wa jua, anazigeuza, anafumba jicho moja.

"Bado ina uzambarau," anasema bila kumgeukia mtu. "Ongezeni njano. Kidogo tu, kama chumvi ya mgonjwa."

Ndani, wenzake wawili wanapima unga wa rangi kwenye mizani ndogo. Baada ya nusu saa kipande kingine cha uzi kinatoka kwenye maji ya moto, kinakaushwa kwa pasi na kupelekwa mlangoni. Anakitazama kwa makini kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

"Hiyo sasa ndiyo damu ya mzee," anasema. "Wapigieni mafundi cherehani. Waambieni kesho Jumatano tunapika."

Kupika, katika kiwanda hiki cha nyuzi za kushonea, maana yake ni kutia rangi. Mpishi mkuu ni huyu mama wa watoto watatu, mwenye miaka hamsini na mmoja, ambaye wenzake wamemwita Macho kwa muda mrefu kiasi kwamba wafanyakazi wapya hawajui jina lake jingine. Ana miaka kumi na tisa kwenye karakana hii.

Sifa hiyo hakupewa bure. Mwandishi wa makala haya alipofika getini, kabla hata ya salamu kwisha, Macho alikuwa amekwisha kumsoma kifua.

"Hilo shati lako lilizaliwa bluu bahari," alisema. "Unalianika juani, tena halijageuzwa ndani nje. Karibu, lakini."

Leo Macho ana haraka ya aina yake. Pembeni ya mlango yamepangwa makasha mawili mapya ya mbao, misumari yake bado inang'aa. Yametengenezwa kubebea tangi dogo la rangi, lile ambalo wafanyakazi wanaliita Kitindamimba. Saa nne anakuja mgeni kutoka ng'ambo, mkuu wa mitambo wa kampuni inayomiliki kiwanda, kuamua kama tangi hilo litabaki hapa au litang'olewa na kupelekwa kiwanda chao cha nchi nyingine.

Kitindamimba likiondoka, watu kumi na wanne wanaoliendesha kwa zamu wanaondoka pia. Macho ni mmoja wao.

"Sijalala vibaya," anasema alipoulizwa kama ana hofu. "Nimelala vizuri kabisa. Mtu mwenye hoja halali macho wazi."

Kiwanda hiki kilijengwa na kampuni ya nchi ya baridi, nchi ambayo watu wake hawatoki nje bila koti kwa nusu ya mwaka. Uzi unaotoka hapa unasafirishwa kwenda kushona makoti hayo, pamoja na viatu na mikoba. Macho hajawahi kuiona nchi hiyo, lakini anaifahamu hali yake ya mfuko kuliko wengi wanaokwenda na kurudi kwa ndege.

Siri yake ni orodha ya rangi. Kila mwezi makao makuu hutuma kadi zenye vipande vya uzi na namba, na kazi ya Macho ni kutengeneza rangi inayolingana na kila kipande. Katika mwaka wa neema, anasema, zilikuja rangi mia mbili na kumi na mbili. Kulikuwa na waridi za kila namna, kijani kibichi, chungwa, samawati, hadi rangi ambazo yeye mwenyewe alizipa majina kwa sababu hakuna aliyewahi kuzihitaji kabla.

"Halafu nikaanza kuona zinapungua," anasimulia. "Kwanza ikapotea waridi. Nikasema labda imepitwa na wakati. Ikapotea chungwa. Mwezi wa tatu ikaja kadi ina nyeusi, kijivu, na rangi ya ugoro. Nikamwambia meneja: baba, huko kwa wenyewe kuna njaa. Akacheka."

Meneja mwenyewe hakatai. "Nilicheka," anasema. "Magazeti ya kule yalikuwa bado yanaandika kwamba mambo ni shwari. Miezi miwili baadaye nikaacha kucheka."

Maelezo ya Macho ni mepesi na hayana chembe ya kitabu. Mtu akiwa na hela, anasema, hununua koti la pili, na koti la pili huwa la rangi ya kupendeza. Akibanwa, hununua moja tu la kuvalia kila mahali, na hilo huwa jeusi. Kwa hiyo rangi zikianza kukimbia kwenye kadi, yeye hujua kwamba huko mbali watu wameanza kuhesabu senti.

Ndivyo ilivyokuwa. Benki za nchi ile zilibana mikopo, maduka yakapoa, na kampuni mama ikajikuta na maghala yaliyojaa makoti yasiyo na wanunuzi. Idadi ya rangi ilishuka hadi kumi na saba. Uzi uliotiwa rangi hapa ulishuka kutoka tani tisa kwa wiki hadi mbili.

Kilichowachanganya watu wengi kiwandani ni kwamba hapa nyumbani mambo yalikuwa mazuri. Mvua zilikuwa zimenyesha vya kutosha, watu walikuwa wanajenga, maduka yanauza. Mitaani pesa ilionekana. Lakini ndani ya ukuta wa kiwanda, mashine zilisimama siku tatu kwa wiki na mishahara ikalipwa sitini kwa mia kwa miezi saba.

"Mume wangu alikuwa ananiuliza kila jioni," anasema Macho. "Huko ng'ambo wamekosa koti, mbona ni mimi nisiyekula nyama? Nilimwambia, kula maharage, nikipata jibu nitakuletea."

Jibu analo mhadhiri wa uchumi ambaye amekuwa akileta wanafunzi wake kiwandani hapa kila mwaka, na leo amekuja mwenyewe. Anasema zamani nchi mbili zilishikana kwa kuuziana vitu tu, na mteja mmoja akianguka ulitafuta mwingine. Mtaji wa kigeni unapokuja na kujenga kiwanda, mshikamano unaingia ndani zaidi, kwa sababu mwenye uamuzi na mwenye mashine wako nchi mbili tofauti.

"Kampuni ikiumia kwao, inaita faida za matawi yote zirudi nyumbani," anaeleza. "Inafuta mashine mpya iliyokuwa ije kwenu, hata kama ninyi mnauza vizuri. Hapo mdororo wa kule umeshaingia huku bila kupiga hodi. Na neema nayo hupita njia hiyohiyo."

Macho, aliyekuwa akisikiliza huku anasugua ndoo, anayo njia fupi zaidi. "Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini," anasema. "Zizi lao si hapa."

Mashine mpya ya kukaushia uzi iliyoahidiwa haikuja. Kati ya watu thelathini na wanne wa karakana ya rangi, kumi na watatu waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Macho alibaki, na anasema waziwazi kwamba kubaki kulimuuma karibu sawa na kufukuzwa. Walioondoka ni watu aliowafundisha kwa mikono yake.

Mlango wa kutokea ulifunguliwa na mtu ambaye Macho anasema hamwezi hata kwa nusu saa: wifi yake.

Wifi huyo ni fundi cherehani mwenye kibanda cha mashine nne, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Jumapili moja alikuja kuwasalimu akakuta Macho amekaa na uso mrefu, akaanza uchokozi wake wa kila siku.

"Nilimwambia, nyie watu mna kichekesho," anakumbuka wifi, akicheka upya. "Kiwanda kizima cha uzi kiko hapa, unasikia harufu yake ukipita. Mimi wa hapahapa nashona sweta za damu ya mzee kwa uzi mweusi, kwa sababu uzi wa rangi hiyo haupatikani. Halafu wewe umekaa hapo unalia hamna kazi! Kazi si hii hapa, inakusubiri na sweta mkononi?"

Macho anakiri kwamba usiku ule alikasirika, na kesho yake akaenda kwa meneja. Hoja yake ilikuwa moja. Matangi mawili makubwa hayawezi kupika chini ya kilo mia tatu, na hakuna fundi wa mtaani anayehitaji uzi mwingi hivyo. Kitindamimba linapika kilo hamsini. Mafundi ishirini wakiungana, wanalijaza.

Meneja alimpa mwezi mmoja wa kujaribu. Macho akazunguka na wifi yake kutoka kibanda hadi kibanda, wakikusanya vipande vya vitambaa vya sare. Walirudi na rangi tisa, na damu ya mzee ikiwa ya kwanza kwa wingi.

Kisha Macho akafanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa anafunika uso kwa aproni.

Karakanani kuna kisanduku cha taa, kimepakwa kijivu ndani, ambacho kililetwa kutoka makao makuu. Taa zake zimetengenezwa ziige mwanga wa madukani kwao, na kila rangi iliyotoka hapa kwa miaka yote ililinganishwa ndani ya kisanduku hicho. Macho akaweka kipande cha sweta ya wifi humo, akapika, akalinganisha, akaridhika. Kilo hamsini zikapelekwa kwa mafundi.

Siku ya tatu wifi akatokea getini na bunda la uzi kwapani. Hakuingia hata ndani.

"Akaniita huku nje, kwenye jua," anasema Macho. "Akanyoosha uzi juu ya sweta. Akaniambia, wifi, hii ni damu ya mzee gani? Hii ni damu ya bilingani! Nikatazama. Mungu wangu. Ilikuwa zambarau tupu."

Kilichotokea ni kitu ambacho watia rangi wanakijua vyema, ila hukisahau kwa mazoea. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Uzi ule ulilingana na sweta kwenye mwanga wa maduka ya ng'ambo. Kwenye jua la hapa, ambako watoto wanasimama paredi asubuhi, haukulingana hata kidogo.

"Niliona aibu kweli," anasema, na sauti yake inashuka. "Miaka kumi na saba nilikuwa nimefundisha macho yangu kuona kwa taa ya watu wengine. Mimi ninayejisifu macho! Nilizaliwa kwenye jua hili."

Tangu siku hiyo, uzi wa ng'ambo unalinganishwa kwenye kisanduku, na uzi wa nyumbani unalinganishwa mlangoni, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kilo hamsini zilipikwa upya, na Macho akazipeleka mwenyewe kibanda kwa kibanda akiomba radhi. Wifi anasema hajawahi kufurahia asubuhi kama ile maishani mwake.

Ndani ya miezi minne Kitindamimba lilikuwa likipika siku tano kwa wiki. Wale kumi na watatu waliitwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata, katika taarifa ya matawi yote ya kampuni mama, mauzo yaliyopanda yalikuwa ya tawi moja tu, na yalipandishwa na uzi wa sare, wa mashuka na wa magauni ya sherehe uliouzwa hapahapa. Kwa maelezo ya meneja, faida hiyo nayo ilipanda ndege kwenda kuziba mashimo ya kule.

"Kwa hiyo na wao tumewalisha," anasema Macho. "Mume wangu nilimpelekea jibu lake. Nikamwambia, kumbe bomba ni moja, maji yanakwenda na kurudi."

Hata hivyo barua ya kung'oa tangi ilikuja. Makao makuu yalikuwa yamepanga kukusanya matangi madogo yote kwenye kiwanda kimoja ili kupunguza gharama, na karatasi hazimjui wifi wala paredi ya watoto. Meneja aliandika kupinga. Alijibiwa kwamba mkuu wa mitambo atakuja kuona mwenyewe, na makasha yatengenezwe kabisa ili muda usipotee.

Saa nne na dakika kumi mgeni anaingia karakanani, mtu mrefu mwenye koti la kijivu ambalo analivua hatua ya tatu tu. Anakagua mabomba. Anapapasa kifuniko cha Kitindamimba, anasoma daftari la mapishi, anauliza maswali ambayo meneja anayatafsiri. Ni mtu mpole na anajua kazi. Kisha anafungua mkoba wake na kutoa kadi ya rangi.

Macho anaiona kabla haijafunguka vizuri. Anashika mkono wa mwenzake aliye karibu.

"Manjano," ananong'ona. "Wameleta manjano."

Ni manjano iliyoiva kabisa, rangi ya koti la pili. Haijafika hapa kwa karibu miaka miwili na nusu. Mgeni anaeleza kwamba maduka ya kwao yameanza kuchangamka, na mnunuzi mmoja mkubwa anataka kilo arobaini za majaribio zipande ndege Ijumaa. Kiasi hicho ni kidogo kwa matangi makubwa. Anaomba zipikwe kesho, kwenye Kitindamimba.

Meneja anatazama sakafu. Kila mtu anajua kesho ni siku ya nani: shule zinafunguliwa Jumatatu, na mafundi ishirini wameshaambiwa asubuhi hii hii waje.

"Mwambie karibu sana," Macho anamwambia meneja, "na manjano yake ni nzuri. Lakini kesho ni damu ya mzee. Yake itapikwa Alhamisi."

Meneja anatafsiri. Tafsiri inakuwa fupi, laini, na yenye tabasamu nyingi.

"Meneja," anasema Macho, "mbona maneno yangu yamepungua? Siku zao nazijua, zimo kwenye kadi; sijasikia hapo 'Alhamisi'."

Meneja anarudia, safari hii yote. Mgeni anakunja uso, na hoja yake ni ya kitaalamu. Katika kazi hii, anasema, rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata. Ukianza na damu ya mzee, tangi litabaki na wekundu, na manjano itaharibika tangi lisipooshwa mara mbili. Kwa kanuni, manjano ndiyo ya kwanza.

Macho anatikisa kichwa kukubali. Kanuni hiyo yeye mwenyewe amewafundisha watu kwa miaka.

"Ni kweli kabisa," anasema. "Basi nitaliosha mara mbili. Nitaliosha mimi mwenyewe, mikono hii. Lakini mwambie hivi, na usipunguze. Walipokuwa hawana rangi ya kututumia, hawa mafundi ndio waliotuweka kazini, na ndio walioliweka hai hili tangi analotaka kulipikia leo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Siwezi kuwaambia wasubiri kwa sababu mgeni amefika na manjano."

Hakuna anayejua meneja aliutafsiri vipi ule msemo wa mkeka wa zamani na mkeka unaopita. Ilimchukua muda na ishara nyingi za mikono. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, akatoka mlangoni na kadi yake, akainyoosha juani kama wafanyavyo wenyeji. Kisha akatoa kalamu na kuandika neno moja pembeni ya kadi.

Meneja alichungulia. Neno lenyewe, kwa lugha ya kwao, lilikuwa 'Alhamisi'.

Waliosimama karibu walichelewa kuelewa, lakini Macho alielewa mara moja, na ndipo alipokaa kitako kwenye kasha la mbao kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na kufuta macho kwa pindo la aproni. Makasha yalikuwa yafungwe Jumatano jioni. Tangi linalopika Alhamisi haliwezi kuwa ndani ya kasha.

Barua rasmi ilifika siku sita baadaye, na meneja aliisoma kwa sauti karakanani: Kitindamimba linabaki, pamoja na watu wake kumi na wanne, na kitengo cha uzi wa nyumbani kitakuwa na hesabu yake kwenye kampuni. Mbao za makasha zimekwisha kuwa meza ndefu ya kulinganishia rangi, imewekwa nje ya mlango, upande jua linakochomoza.

Macho ana mpango, na si wa siri. Kabla ya kustaafu anataka wanawake watatu wa karakana wawe na macho kama yake, "au yazidi, maana yangu yameanza kudai miwani." Anataka pia Kitindamimba lipate mdogo wake, tangi jingine la kilo hamsini, na anasema kampuni mama ndiyo itakayolinunua. Aliulizwa kama haogopi kwamba siku moja kadi zitarudi tena kuwa nyeusi na kijivu.

"Zitarudi," alisema bila wasiwasi. "Wao ni watu, watakwama tena, na bomba bado ni moja. Lakini wakivaa nyeusi, watoto hapa watakuwa wanavaa sare. Safari hii hatutakaa kusubiri kuitwa."

Maneno hayo aliyasema siku ya mgeni, kabla ya barua, kisha akaomba radhi, maana kulikuwa na kazi. Ilikuwa ile Jumanne, saa sita kasorobo, mgeni akiwa bado ofisini anakunywa maji. Macho alichukua kipande cha chaki, akapangusa ubao wa zamu kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa ambazo mtu aliyesimama getini angeweza kuzisoma:

JUMATANO: DAMU YA MZEE. ALHAMISI: MANJANO.